Mugonjwa wa Juu ya Televizio

Kwetu Bukavu mugonjwa hapumziki. Ukisikia mutu iko mugonjwa, unavaa vizuri, unabeba ndizi au kipande cha sabuni, unaenda kumusumbua. Unamuuliza maumivu yalianzia wapi, anakuonyesha. Unamuuliza alikula nini, anataja. Mugeni wa pili anaingia, anauliza yale yale, na mugonjwa kwa adabu anaanza tena mwanzo. Mimi nilipopasuliwa tumbo, daktari alisema nisicheke, mishono itafunguka. Kaka yangu mukubwa akakaa kwenye kitanda, akanieleza habari ya padri na nyuki wake. Mishono ilifunguka. Alirudi kesho yake kunipa pole ya mishono.

Ninaanza na hayo kwa sababu ya diski ya ndoa ya mutoto wetu wa mwisho, binti.

Diski yenyewe ilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa sabuni ya kufulia, na waya mufupi wa kukiunganisha na ordinateri, yaani kompyuta. Ordinateri nayo unaiunganisha na televizio, na harusi inatoka. Ndani ya kile kisanduku inazunguka sahani, na juu ya sahani kinapita kichwa chembamba kama sindano ya gramafoni ya wazee wetu. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu: harusi yote iko mule, na mutu wa kamera amekwisha kuifuta kwake ili apate nafasi ya harusi za wengine. Ilibaki fasi moja duniani, nyumbani kwetu Kadutu, juu ya televizio, chini ya kitambaa alichofuma bibi yangu, mama ya binti. Tulikipa heshima kile kisanduku kuliko redio, na redio ndiyo ilikuwa inatupatia habari.

Na tuliihitaji. Mukwe wetu anafanya kazi Ulaya. Alikuja, akatoa mahari, wakafunga ndoa kanisani, likizo yake ikaisha, akarudi. Binti yetu akabaki kwetu, bibi wa mutu ambaye anamuona kwenye simu. Ili amufuate, ofisi ya visa, kule ngambo ya mupaka, ilitaka kuona kwamba ndoa ilikuwa ya kweli: familia mbili, vitu vya mahari, bibi-harusi na bwana-harusi pamoja.

Nikamuuliza binti: “Si uko na cheti?”

“Cheti, papa, hata mwizi iko nayo. Banataka kuona.”

Sasa, kabla sijasahau, hotuba. Siku ya mahari, kwa desturi yetu, baba ya binti hasemi. Anakaa kama mutu aliyekuja kununua viti. Anayesema ni musemaji wa familia, na kwetu musemaji ni yule yule kaka yangu mukubwa wa padri na nyuki. Mimi niliomba mikro niseme karibu tu. Karibu peke yake. Lakini huwezi kusema karibu bila kusema watu wametoka wapi, na wakwe zetu walikuwa wametoka upande wa Kavumu, na ukitaja Kavumu mbele yangu nakumbuka marehemu baba alivyoipeleka mbuzi kutoka Mudaka mpaka Kavumu kwa miguu, mbuzi yenye kichwa kigumu, na ukitaka watu waelewe ile mbuzi lazima waelewe kwanza mvua ya mwaka ule. Kaka yangu alipokuja kuninyanganya mikro, chakula kilikuwa kimepoa na nilikuwa nimefikisha mbuzi katikati ya muto, baba anavuta kamba.

Tangu pale nyumbani kwetu wanasema “ile hotuba”. Bibi yangu alimuomba mutu wa kamera aikate. Yule alikuwa mvivu, Mungu amubariki, hakukata kitu. Basi wageni wakija kuangalia harusi, binti alikuwa anajua kinobo cha kuruka. Nikishika mikro tu, anafinya, na tunajikuta kwenye keki.

Siku moja akafinya, na harusi haikuruka. Ilisimama. Ndani ya kisanduku tukasikia: ko. Ko. Ko. Kama kuku anayedonoa mabati.

“Papa, iko inalia,” binti akasema.

“Nani?”

“Diski.”

Tukamuita mufundi. Alikuwa dada kijana, amesomea mambo ya ordinateri, ana duka lake karibu na ngazi za soko, na suruali yenye mifuko kila pahali. Hakugusa kitu. Aliinama, akaweka sikio karibu na kisanduku, kisha akachomoa waya haraka kama mutu anayetoa mutoto kwenye moto.

“Papa, uko na shamba?”

“La marehemu baba, Mudaka.”

“Basi waza hii ni shamba imekatwa vipande vidogo-vidogo. Kila kipande inabeba kidogo ya harusi. Vipande vingine vimekufa. Kichwa ikifika pale ni kama jembe inagonga jiwe: inarudia, inagonga, inarudia. Njo ile sauti. Na vile inaendelea kugonga, iko inaharibu na vipande vya majirani.”

Nikamuambia kwetu Mudaka ni jirani anayeharibu kipande chako, nikataka kumupa mufano wa binamu yangu na mipaka yake ya miti ya minyaa inayotembea usiku, lakini bibi yangu akanitazama.

“Itapona?” bibi akauliza.

“Haiponi, maman. Ila tunaweza kuhamisha vile vingali vizima kwenye diski nyingine, kabla haijakufa kabisa. Munipe niende nayo. Na kutoka leo musiiwashe. Hata mara moja!”

Bibi akaweka mukono juu ya kitambaa.

“Mugonjwa wangu hatalala kwa watu peke yake. Utafute kwanza hiyo diski nzima. Ukiipata, tutaona.”

Mufundi alitaka kubisha, akaangalia uso wa bibi yangu, akaacha. Watu wengi wamefikia uamuzi ule ule.

Kosa letu lilikuwa kusema. Binti alimuambia mutu mumoja kwenye bomba la maji, na kwenye bomba la maji la Kadutu hakuna mutu mumoja. Mugeni wa kwanza alikuwa jirani yetu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, anawatoa Minova. Aliingia na sahani imefunikwa, amevaa kikwembe cha misa.

“Nimesikia harusi iko mugonjwa.”

“Aksanti, maman. Karibu, keti.”

Akaketi. Akatikisa kichwa. Akauliza ilianzaje, tukamueleza. Akauliza tulikuwa tumefanya nini siku ile, tukamueleza. Akasema pole kama inavyofaa. Halafu:

“Na sasa, inaweza kusema kidogo?”

“Mufundi amekataza,” binti akasema.

“Apana yote, mwanangu. Ile fasi niko nacheza tu. Nisiage?”

Niambie wewe ungefanya nini. Mutu amekuletea samaki. Sambaza waliokaangwa tayari, na pilipili kando. Unamuambia arudi nyumbani bila kumuona mugonjwa? Tukawasha. Alitokea akicheza, mukono mumoja juu, ko, ko, ko, na mukono ukabaki juu pale pale. Akafurahi sana.

“Munaona? Iko inanipenda. Imenishika.”

Alipotoka akakutana mulangoni na kaka yangu mukubwa. Yeye hakubeba kitu, yeye ni mukubwa. Alitaka kuona hotuba yake, ile ya kweli, ya musemaji.

“Tonton, tunakuomba,” binti akamuambia baba yake mukubwa, “itakufa.”

“Itakufa bila mimi kuisikia? Mimi musemaji wa familia, mutoto kama wewe ananinyima sauti yangu?”

Tukawasha. Na hivyo kila siku. Alikuja kiongozi wa kwaya kuangalia kwaya. Alikuja fundi wa nguo kuangalia nguo. Shangazi yangu alikuja na fimbo kuona kama siku ile alivaa viatu vilivyofanana, maana alikuwa amesikia maneno. Wote walikuja kuaga, na kila mumoja alikuwa anajiaga mwenyewe. Sikumbuki hata mumoja aliyeomba kumuona bibi-harusi. Yeye alikuwa pale anawapa chai.

Siku alipokuja mutu ambaye hatukumufahamu hata sisi, amesikia njiani, binti alitoka jikoni na macho mekundu. Alichomoa waya, akaufunga kiunoni, akafunga kikwembe juu yake.

“Anayetaka kuwasha,” akasema, “anivue kwanza.”

Mugeni akashika kofia yake. Kutoka siku ile wageni tuliwafunulia kitambaa tu. Walitazama kisanduku kimelala, wakasema “pole, pole sana”, wakanywa chai wakaenda. Ndipo mugonjwa wetu alianza kupumzika kidogo, na mimi nikawaza ingekuwa vizuri hospitalini nami ningekuwa na waya wa kuficha.

Wakati huo tulikuwa tunatafuta njia nyingine. Siku ya mahari simu zilikuwa nyingi hewani kuliko mikono. Binti akazunguka kwa ndugu wote akiomba picha. Picha zilikuja! Kila mutu alikuwa amejipiga mwenyewe na sahani. Shangazi na sahani, kiongozi wa kwaya na sahani, wakwe na sahani. Bibi-harusi alionekana mara moja, nyuma ya kaka yangu: kiwiko. Kiwiko kizuri, lakini huwezi kupeleka kiwiko kwenye ofisi ya visa.

Mufundi akarudi na diski nzima kwenye mufuko mumoja wa suruali. Akasema kazi lazima ifanyiwe dukani, kwa sababu kule ana betri kubwa na sahani ya jua juu ya paa, na kwetu umeme unakuja kama mukwe tajiri: mara chache, na bila kutuaga unaondoka.

“Sawa,” bibi akasema. “Tunaenda.”

“Munaenda wapi, maman?”

Wewe usiye wa kwetu huenda hujui. Hapa mutu hapelekwi hospitali peke yake. Anapelekwa na mulinzi wake, mutu wa familia anayelala chini pembeni ya kitanda, anayepika, anayefua, anayeona dawa gani imetiwa. Hospitali bila mulinzi ni gereza. Basi bibi yangu alifunga mukeka, akabeba termosi, akabeba bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria iliyofungwa na kitambaa, akabeba diski kifuani, tukateremka kwenda dukani. Nilimufuata na kiti. Sikuthubutu kusema neno, na mimi si mutu wa kukosa neno.

Mufundi akatazama sufuria.

“Maman, haitakula.”

“Wewe utakula.”

Alikula. Alikula kila siku, na nadhani ile ndiyo sababu hakutufukuza. Akalaza diski juu ya kitambaa, akaweka feni ndogo iipepee, akaiunganisha na mashini yake. Kwenye kioo kukatokea viboksi vidogo visivyo na mwisho. Vilivyohamishwa vizuri vinageuka kijani, vilivyokufa vinageuka vyekundu. Akatueleza mashini itapita kwanza fasi nzima, iokote haraka vile vinavyookotwa, na fasi ya vidonda itairuka. Itarudi nyuma kuijaribu pole pole. Usianze na vidonda, akasema, utakufa navyo.

Bibi yangu akakaa kwenye mukeka mbele ya kile kioo, mikono mapajani. Jioni, dukani pakifungwa, alirudi na kutuletea habari, kisha akateremka tena kulala pembeni ya mugonjwa.

“Leo iko na afadhali. Kijani mingi.”

Au: “Mekundu imetoka upande wa juu. Nimesali.”

Binti alikuwa anasikiliza huku anachambua maharagwe, na yale mawe aliyotoa aliyarudisha ndani, nikaona, nikayala bila kulalamika.

Wageni walifuata hata dukani. Kaka yangu mukubwa alikuja na shangazi na fimbo yake. Mufundi akasimama mulangoni, akawasalimia vizuri, akaweka sheria: hapa tunasalimia mulinzi, mugonjwa hatusalimii. Wakamusalimia bibi yangu kwenye mukeka, wakamuuliza alianza lini kukaa pale, alikula nini. Yeye ni mwenye nguvu, alivumilia.

Halafu mufundi akatuita wote watatu. Sauti ya ko-ko ilikuwa imekwisha. Diski ya zamani ilikuwa imenyamaza kabisa juu ya kitambaa chake, na bibi yangu akaifunika yote, mpaka kichwa, kama kisanduku kina kichwa.

“Nimeokota nilichoweza,” mufundi akasema. “Tuangalie.”

Tukaangalia. Kufika kwa wakwe: wanaingia kwenye lango, wanageuka viraka vya rangi, hawafiki. Hotuba ya kaka yangu: anafungua kinywa, kinywa kinabaki wazi. Kanisani: padri hana uso, na sauti yake ni ya maji yanayochemka. Pete: giza. Keki: giza. Yule mama wa sambaza: mukono juu, na hapo hata mukono ukapotea. Binti alikuwa amesimama. Kwa kila giza alikuwa anakaa kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye mukeka.

“Basi,” akasema. “Imeisha. Nitakaa kwenu.”

Hakusema kwa kulia. Hilo ndilo lililoniumiza.

“Kumebaki faili moja,” mufundi akasema, “kubwa sana. Hiyo imetoka nzima. Hakuna hata kiboksi kimoja chekundu. Sijui ni nini.”

Akafungua. Sauti yangu ikatoka: “Wageni wetu, nitasema neno moja tu.”

Bibi yangu akashika mashavu.

“Yesu wangu. Hata kifo imeshindwa kumukatiza!”

Nilikuwa tayari kuomba radhi kwa kuwa muzima. Lakini angalieni. Mutu wa kamera alinionyesha mimi kwa muda mufupi, kisha akachoka na uso wangu. Nani atamulaumu? Nilipofika kwenye mvua, alianza kutembea na kamera yake kutafuta kitu cha kutazama. Sauti ni yangu, macho ni yake. Aliwapitia wakwe wote kwenye viti, mumoja mumoja, wanapiga miayo. Aliwapitia watu wetu. Alitoka nje akaona ngombe za mahari zimefungwa, majembe, vibuyu vya pombe ya ndizi, vikwembe vya bibi yangu bado vimekunjwa. Akarudi ndani, akakuta bibi-harusi na bwana-harusi, akakaa kwao. Wanashiriki Fanta moja. Bwana anamufuta jasho. Anamunongoneza kitu, binti anacheka na kufunika kinywa, wote wawili wanatazama upande wangu. Sikuuliza walicheka nini. Na nilipoingiza mbuzi, binti akaweka kichwa kwenye bega la bwana yake, akasinzia. Bwana akavua koti pole pole, bila kusogeza bega, akamufunika.

Kwenye mashini sauti yangu ilikuwa imefika katikati ya muto. Baba yangu alikuwa anavuta kamba.

“Familia mbili,” mufundi akasema. “Mahari. Bote babili. Ni nini tena banataka?”

Mimi nina maelezo yangu kwa nini ile fasi ilipona. Ni shamba ambalo hakuna mutu aliyelikanyaga. Kila mara walikuwa wanairuka! Kwaya imekanyagwa, keki imekanyagwa, hotuba yangu imekaa miezi yote kama shamba lililopumzishwa. Mufundi alinikatalia kabisa: “Apana, papa, ni bahati tu, vidonda vinatokea fasi vinataka.” Amesoma, ninamuheshimu. Lakini maelezo yangu ninayapenda zaidi, na ninayatoa kila ninapoweza.

Binti akavuka mupaka na ile hotuba. Walimulazimisha kuleta na mufasiri, na mufasiri alifasiri yote, neno kwa neno, kwa maana watu wale wakiomba kitu hawaombi nusu. Aliporudi alitueleza. Mutu wa ofisi alimuuliza kazi ya bwana yake, wanaongea mara ngapi, mama-mukwe anaitwa nani. Kisha akafunga karatasi, akajiegemeza kwenye kiti.

“Na ile mbuzi ya babu yako. Ilivuka?”

Binti akatafuta kichwani.

“Sijui,” akasema. “Nililala.”

Mutu wa ofisi akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ameona.

Visa ilikuja. Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tumesimama barabarani, mizigo imefungwa, dereva anapiga honi. Binti akanikumbatia, akasema sikioni:

“Papa, ile mbuzi ilivuka kweli?”

“Ngoja,” nikasema. “Ujue kwanza kwamba ile kamba haikuwa ya baba. Aliiazima kwa mutu mumoja mwenye kilema, fundi wa vyungu, ambaye mwaka ule...”

“Papa.”

“Ee.”

“Gari.”

Akaingia. Kwenye dirisha alikuwa anacheka na kulia.

Sasa nyumba iko kimya. Diski ya zamani imerudi juu ya televizio, chini ya kitambaa. Bibi hataki itupwe, anasema mufu hatupwi. Diski nzima iko pembeni yake, na ndani yake kuna hotuba yangu peke yake. Wageni wanazidi kuja, na wakiomba harusi hatuna kitu kingine cha kuwaonyesha. Wengi wanakumbuka haraka kwamba wameacha sufuria motoni.

Bibi yangu ndiye anayeiangalia mpaka mwisho. Karibu kila alasiri, wageni wakiisha kwenda, anawasha, anakaa karibu sana na kioo. Mimi ninakaa nyuma yake kwenye kiti changu. Ninafika kwenye mvua, ninafika kwenye mbuzi. Pale binti anapoweka kichwa begani, bibi ananyoosha mukono na kuzima sauti.

“Nyamaza kidogo,” ananiambia. “Mutoto amelala.”